Mkusanya Bei

Kila tarehe kumi na mbili napanda Kangemi
na mizani ya mfukoni, kishikwambi, na beji ya serikali
yenye picha yangu ya zamani, nilipokuwa bado na mashavu.
Kazi yangu ni kuuliza bei.
Sinunui. Nauliza.

Kwamboka ananijua, ameacha kuniita mteja.
"Andika ishirini," anasema, kisu hakitulii,
sukuma ya mtu inamiminika kwenye beseni
nyembamba kama nyuzi.
"Mwaka jana ishirini, mwaka huu ishirini.
Waambie wakubwa wako Kwamboka hajapandisha."

Naliweka fungu juu ya mizani.
Mwaka jana: gramu mia nne na kumi.
Leo: mia mbili na sitini.
Bei haikupanda. Fungu ndilo lililoshuka
kuja kukutana na mfuko wetu.

"Na hiyo serikali ikishajua, hufanyaje?"

Jibu ninalo. Bwana Otiato alitufundisha Naivasha,
kwenye semina ya siku tatu, sambusa mbili mbili saa nne:
namba hii huungana na wenzake, huenda Benki Kuu,
riba ikapanda ama ikashuka, mishahara ikapimwa,
bajeti ikasomwa na mtu aliyebeba mkoba.
Nilipofika kwenye riba
Kwamboka alikuwa anamhudumia mtu wa nyanya.

Mchana niko Kamukunji. Bei ya jiko, bei ya sufuria.
Hapa huulizi, unapayuka,
maana nyundo zote zinabishana na bati kwa pamoja.
Musembi ananionyesha kwa kidole cheusi
nguzo ya stima: "Hii waliileta wao.
Kabla yake nilichomelea kwa jenereta,
faida yote ikinywewa na petroli.
Na ufundi wenyewe nilifunzwa chuo cha serikali,
karo nusu, chakula cha mchana bure."
Kisha kidole kinageuka, kinatua
kwenye karatasi ukutani, imeshakuwa rangi ya chai:
masanduku mia tatu ya shule,
yamepokelewa, yamepigwa muhuri,
hayajalipwa, huu mwaka wa tatu.
"Mkono ni uleule," anasema.
"Ulinishika nikasimama,
ukaingia mfukoni nikiwa bado nashukuru."

Sikuandika hayo. Niliandika: jiko, ukubwa wa kati, mia nane.

Nami je? Mimi ni ukucha wa mkono huo.
Mshahara wangu umo kwenye dizeli ya lori
lililoteremsha sukuma usiku kutoka Kinangop,
ushuru kidogo kwa kila lita,
kidogo kwa kila jani.
Katika majani yaliyopotea kwenye lile fungu
huenda mawili niliyala mimi.

Jioni, kwenye taarifa ya habari,
mtu wa tai anasema uchumi umekua.
Simbishii; namba zake nyingine nimezibeba mimi mgongoni.
Nimeona barabara zikipandiana juu kwa juu,
nimeona vioo vya Westlands vikilinunua jua lote.
Lakini mama yangu alikuwa mkunga,
akitwambia mtoto hukua,
na tumbo la safura nalo hukua,
mwenye macho hupima mkono.

Usiku huo mvua ilipiga Nairobi kama inadai deni.

Mwezi uliofuata nilimkuta Kwamboka ametulia,
kibanda kikavu, magunia makavu.
Mbele yake mtaro mpya wa zege, si mrefu,
hatua arobaini labda, unapita na maji yake bila neno.
Zamani mvua ikinyesha alikesha na ndoo.
"Uliletwa na nani?" niliuliza. "Kaunti? Mbunge?"
"Sikuwauliza jina. Walichimba, wakaenda."
Akafunga fungu kwa mgomba, akalipapasa.
"Andika ishirini. Na uandike nililala."

Niliipekua fomu yote, juu hadi chini.
Kuna pa bidhaa, pa kipimo, pa bei,
pa sababu ya mabadiliko, herufi zisizozidi hamsini.
Foleni ya wanunuzi ilikuwa inaninung'unikia.
Nilisimama pale na kalamu ya kishikwambi hewani,
natafuta pa kuuandika usingizi.